Kuweka boti ya GitHub hewani bila kukodi seva

Boti (programu inayojiendesha) ya kubandika lebo kwenye ishu mpya, yaani ripoti za matatizo au maombi huko GitHub, haistahili seva inayolipiwa mwezi mzima, hasa kama ripo yako (hifadhi ya msimbo) inapata ishu mbili tatu kwa wiki. Za kwangu huziandika kwa Probot, zana ya kuundia boti za GitHub inayotumia Node.js, kisha nazipeleka Vercel, huduma inayoendesha msimbo wako kama funksheni, pale tu inapoitwa. Anayependa AWS Lambda, huduma ya Amazon ya aina hiyohiyo, atakuta mengi ya hapa yanamfaa pia.

Usajili ni mwepesi. Unaunda GitHub App (utambulisho wa boti yako ndani ya GitHub), unaipa ruhusa ya kusoma na kuandika ishu tu (usiongeze nyingine kwa kubahatisha, ufunguo ukivuja, utashukuru), unachagua matukio ya kusikiliza, kama vile ishu kufunguliwa, unapakua faili ya ufunguo. Kwenye mipangilio ya Vercel unajaza vigezo vitatu: APP_ID, WEBHOOK_SECRET na PRIVATE_KEY. Huo ufunguo una mistari mingi, nayo huvurugika kirahisi wakati wa kunakili. Ugeuze kuwa base64, namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida tu, ukae mstari mmoja. Probot inausoma hivyo hivyo.

Wengi hukwama kwenye sahihi, yaani alama ya kuthibitisha kwamba tukio limetoka GitHub kweli. Kila GitHub inapotuma tukio, huambatisha heda ya X-Hub-Signature-256, iliyokokotolewa kwa HMAC (kanuni ya kutengeneza sahihi) kutokana na mwili wa ujumbe na siri yako, ile WEBHOOK_SECRET. Boti hukokotoa upya, kisha hulinganisha. Sasa Vercel, kwa wema wake, hukuchambulia JSON, muundo ambao mwili huo umeandikwa, kabla hujaomba. Mwili ule ukiundwa upya, nafasi moja tu ikihama, sahihi hazilingani, na utashinda ukibadilisha siri ambayo haina kosa lolote. Weka kigezo cha NODEJS_HELPERS kuwa 0 huko Vercel ili mwili ufike kama ulivyotumwa.

Jambo la pili ni namna ya kuandika msimbo wenyewe. Funksheni ya aina hii ni kibarua: anaitwa, anamaliza, anaondoka. Usihifadhi kitu kwenye kumbukumbu ukitarajia kukikuta kesho. Na usisahau await, neno la kuiambia boti isubiri kazi iishe kabla ya kuendelea: jibu likishatoka, kazi iliyobaki inaweza kugandishwa katikati, ishu ikabaki bila lebo na logi zisiseme kitu. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu kwenye kompyuta yako kila kitu kitaenda sawa.

Lakini huwezi kusubiri utakavyo. GitHub hungoja jibu kwa sekunde 10. Zikipita, inahesabu kuwa imeshindikana, wala haitajaribu tena yenyewe. Kuweka lebo kunatosha humo hata funksheni ikiwa ndiyo kwanza inaamka. Kukagua faili zote za ripo kubwa, hapana: hiyo ipeleke kwenye foleni ifanywe baadaye, au iache kwa GitHub Actions, mfumo wa GitHub wenyewe wa kuendesha kazi.

Wakati wa kujaribu nyumbani, smee.io hukuletea matukio hadi kwenye kompyuta yako. Ukishakuwa hewani, fungua mipangilio ya App, kichupo cha Advanced, utaona kila tukio lililotumwa na jibu ulilorudisha, pamoja na kitufe cha kulituma tena. Tukio likirudiwa linabaki na X-GitHub-Delivery ileile, kwa hiyo hifadhi namba hizo kwenye hifadhidata kama boti yako huandika maoni na hutaki yajirudie.

Na kama boti inasikiliza maoni huku yenyewe ikiyaandika, anza na context.isBot, inayokuambia kama tukio limetoka kwa boti, uliruke. La sivyo itajijibu yenyewe usiku kucha.