Jibu: Hela ya korosho inaisha kabla ya Machi

Habari dada wa Nachingwea. Nimekuelewa hivi: malipo ya mnada wa korosho yanaingia Novemba, Machi mfukoni hamna kitu, na kuanzia hapo unga unanunua kilo kilo na mkaa wa kopo.

Kabla ya yote fungua daftari la dukani. Kwetu Tandahimba lilikuwa linameza kuliko chakula chenyewe, maana sukari ya mkopo bei yake si ya anayelipa taslimu. Malipo yakiingia futa hilo deni, na mwenye duka mwambie watoto asiwaandikie tena.

Kwenye unga ndipo pa kuokoa hela. Nunua mahindi kwa gunia, Juni au Julai watu wanapovuna. Najua wakati huo korosho hakuna. Sisi tunatumia hela ya ufuta, na hailali nyumbani, inageuka magunia siku hiyohiyo (mume wangu alinung'unika, akazoea). Yakaushe sawasawa, uyatie kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Ni ghali kidogo, ila mdudu dumuzi hafurukuti na dawa hununui.

Mkaa changieni gunia na jirani kabla mvua hazijaanza.

Na Agosti ukibanwa, usikimbilie kangomba, yaani kumuuzia mlanguzi korosho nje ya mnada. Mbali na kwamba imepigwa marufuku, korosho unayouza kwa bei ya kutupa ingali mtini ndiyo hiyo unayoitafuta Machi. Afadhali uuze kuku.

Ada ya bweni uliyoiulizia nawaachia wenye watoto huko. Wewe ufuta unalima?