Kwa Nini Mchezaji Hamsahau Magikarp

SWALI: Natengeneza mchezo wa simu ambamo mchezaji hukamata viumbe, huwalea na kuwapambanisha, kwa mtindo wa Pokémon. Nimekwisha kuchora viumbe 40. Wanaoujaribu husifu michoro, lakini wakiulizwa baada ya wiki moja hawamkumbuki kiumbe hata mmoja. Je, niongeze rangi na mapambo, au kasoro iko kwingine?

JIBU: Kasoro iko kwingine, na mapambo yataizidisha. Wachezaji wako wamependa picha, lakini hawajapitia lolote pamoja na viumbe hao. Kiumbe hukaa akilini pale ambapo umbo lake, kanuni zinazomtawala na habari zake vinaeleza jambo moja, na mchezaji akalazimika kulitenda jambo hilo yeye mwenyewe.

Mfano bora ninaoufahamu ni Magikarp, aliyekuwamo katika michezo ya kwanza ya Pokémon iliyotolewa Japani mwaka 1996. Ni samaki mwekundu aliyeachama mdomo na kukodoa macho. Katika michezo hiyo yupo muuzaji karibu na mlima uitwao Moon anayemuuza kwa fedha 500 za mchezo, na mnunuzi hugundua upesi kwamba samaki huyo anajua kurukaruka tu, kitendo kisichomdhuru adui hata kidogo. Shambulio lake la kwanza hulipata akifika leveli ya 15. Hadi hapo, anayetaka kumkuza humtanguliza katika pambano, humwondoa mara moja, humwachia mwenzake kazi ya kupigana, na Magikarp hupata fungu lake la alama za uzoefu, zile zinazompandisha leveli, kwa kuwa alishiriki. Jambo hilo hurudiwa katika pambano baada ya pambano, bila dalili yoyote kwamba linafaa kitu. Kisha, katika leveli ya 20, anageuka kuwa Gyarados, joka la majini lenye urefu wa mita 6.5. Iko hadithi ya Kichina ya samaki anayepanda maporomoko ya mto na kuwa joka, lakini mtoto aliyeshika Game Boy, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea michezo hiyo, hakuhitaji kuijua, kwa sababu alikwisha kuitenda. Wabunifu hawakuishia kumwambia mtoto huyo kwamba samaki yule ni dhaifu. Walimbebesha udhaifu ule mpaka akauzoea, ndipo wakamlipa.

Miaka 20 baadaye kanuni hiyohiyo ilimpa uhai Mimikyu, kiumbe mpweke anayejifunika kitambaa kilichochorwa mfano wa Pikachu, kiumbe kipenzi cha wengi katika Pokémon, ili naye apendwe. Habari hiyo ingebaki maelezo matupu kama isingeingia katika pambano: pigo la kwanza hupokewa na kitambaa, na kichwa cha bandia hulegea mbele ya macho ya mchezaji. Huzuni ya kiumbe na kinga yake ni kitu kimoja, na mchezaji huiona kinga ikifanya kazi kabla ya kusoma neno lolote.

Kuhusu michoro nitasema machache. Skrini ya Game Boy ilikuwa na pikseli 160 kwa 144 na ngazi nne tu za kijivu, na picha ya kiumbe haikuzidi pikseli 56 kila upande. Katika nafasi hiyo umbo la nje lilipaswa kujitosheleza. Wajaze viumbe wako wote rangi nyeusi tupu, wapunguze hadi ukubwa huo, na uwatazame wakiwa pamoja. Wale usioweza kuwatofautisha wana tatizo ambalo hakuna rangi itakayolitatua.

Baada ya hapo, andika sentensi moja kuhusu kila kiumbe, kisha ujiulize mchezaji hufanya nini tofauti kwa sababu ya sentensi hiyo. Ukiwa umeandika kwamba kiumbe ni mwoga, lakini anapigana sawasawa na jirani yake, sentensi hiyo haimo katika mchezo bado. Labda anapaswa kukimbia pambano mpaka azoeshwe. Si lazima wote 40 wafanyiwe hivi, na kwa kweli ningekusihi usijaribu, kwani Magikarp alionekana wa ajabu kwa kuwa wengi waliomzunguka walipigana kwa kawaida. Chagua watano au sita, na wawili wao wawe miongoni mwa wale wanaokamatwa katika saa ya kwanza, kwa maana hao ndio mchezaji atakaoishi nao muda mrefu zaidi.