Maji Maji mbele ya waamuzi

Mama Zuhura, umesema binti yako wa darasa la saba huko Marekani anaingia National History Day, mashindano ya wanafunzi ya utafiti wa historia, akiwa na bango la Vita vya Maji Maji (1905–1907), na mahojiano na waamuzi yanamweka roho juu.

Usimkaririshe. Waamuzi hawaji kusikiliza ngonjera. Watamuuliza kwa nini alichagua mada hii, chanzo kipi kilimfaa zaidi, na vita vile vilibadilisha nini. Muulize hayo jioni mkiwa mnachambua mchele, ajibu kwa maneno yake. Siku yenyewe wewe funga mdomo, mzazi hamjibii mtoto.

Wengi hukwama kwenye vyanzo. Simulizi ya babu aliyezaliwa miaka mingi baada ya vita ni tamu, lakini si chanzo cha awali, yaani ushahidi wa aliyekuwepo wakati ule. Aiite kumbukumbu ya ukoo. Ripoti za maofisa wa Kijerumani za wakati ule ni chanzo cha awali, ila aseme nani aliziandika na kwa faida ya nani. Maofisa hao wakiita mapambano yale "uasi", yeye aeleze kwa nini waliita hivyo. Mwamuzi akisikia hilo, ataweka kalamu chini amsikilize.

Maneno yake mwenyewe kwenye bango yasizidi 500, hesabuni mapema. Mwanangu alizidisha, tukakesha na mkasi tukikata aya, gundi hadi kwenye zulia! Bebeni gundi, nakala za ziada za orodha ya vyanzo, na chakula. Foleni ya kusubiri ni ndefu.