Maswali Yenu ya Ufundi Mdogo: Stesheni ya Dar es Salaam juu ya meza

Barua za safari hii karibu zote ni za treni, nami sina shida na hilo hata kidogo. Kabla ya kustaafu nilikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya wahandisi wa reli, na mpaka leo rula ya chuma haikai mbali na mkono wangu. Barua ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu majibu yake yanawafaa wengi walioandika.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Ilala, nafanya kazi ya kompyuta. Nataka kutengeneza modeli ya Stesheni ya Dar es Salaam yenye kila kitu: jengo la zamani, jengo jipya la SGR, lile daraja refu, mitaa ya jirani, na treni zinazotembea kwa umeme. Nina chumba cha mita tatu kwa nne. Nimeangalia video nyingi za Wajerumani na Wajapani, lakini vipimo vyao vimenichanganya. Ninunue nini kwanza? – Msomaji, Ilala.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue kitu. Chukua karatasi uandike mwaka.

Nasema hivi kwa sababu Stesheni ya Dar es Salaam haijawahi kuwa moja. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka hapo mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Stesheni ya wakati ule ni ya vichwa vya mvuke na mizigo ya bandarini. Ya mwaka 2012 ni nyingine kabisa. Oktoba ya mwaka ule ilianza treni ya abiria wa mjini, ile watu waliyoiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi, ikitoka Stesheni kwenda Ubungo. Halafu iko ya 2024, ya SGR, yenye jengo lililochukua umbo la tanzanite. Hata ndani ya mwaka huo lazima uwe mwangalifu: treni ya kuvutwa na kichwa ilitangulia, Mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua iliyochongoka, ukafuata baadaye. Ukiuweka Mchongoko kwenye modeli unayosema ni ya wiki ya kwanza ya SGR, mtu yeyote aliyepanda treni ile atakuuliza umetoka wapi.

Mwaka ndio unaokuambia rangi ya mabehewa, matangazo ya ukutani, magari yaliyoegeshwa nje, simu zilizomo mikononi mwa abiria, na kama kuna nyaya za umeme juu ya reli au hakuna. Wengi huchagua kichwa cha treni kwanza kwa sababu ni kizuri, kisha wanaanza kukitafutia stesheni. Hapo ndipo modeli inapogeuka kuwa kabati la vitu vya kuchezea.

Ungeniuliza mimi, ningechukua jioni moja ya mwishoni mwa 2012. Reli ile iliyozoea kubeba watu wa Tabora na Kigoma na masanduku yao, jioni zile ilikuwa inabeba watu wanaorudi nyumbani kutoka kazini, mtu na mfuko wake wa nyanya. Mambo mawili katika jukwaa moja. Lakini wewe umekua ukiiona SGR ikijengwa karibu na kwenu, na kama moyo wako uko huko, chukua 2024 bila kusitasita.

Sasa vipimo. Skeli iliyoenea zaidi duniani ni 1:87, yaani kila kitu kimegawanywa kwa 87. Reli ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Ukigawanya unapata 16.5, na hiyo ndiyo reli inayouzwa kila mahali. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja. Ukigawanya unapata 11.5, na viwanda vinatengeneza reli ya milimita 12 kwa ajili ya treni za namna hiyo, hasa zile za milimani Uswisi. Kwa hiyo katika 1:87 unaweza kuweka reli zote mbili upande kwa upande na tofauti yake ikaonekana kwa macho. Usikubali kuiweka treni ya Kigoma juu ya reli ya 16.5 kwa sababu tu ilikuwa rahisi kupatikana. Wembamba wa reli ile, na behewa linavyoitokeza kushoto na kulia, ndio sura yake.

Ipo pia skeli ya 1:160, ambayo SGR inakaa juu ya reli ya milimita 9 na ile ya zamani juu ya 6.5. Inapunguza kila urefu karibu nusu, ila kwa mikono ya mtu anayeanza ni ndogo mno.

Tuje kwenye chumba chako. Daraja la SGR linalopita juu ya mji lina zaidi ya kilometa 2. Katika 1:87 hiyo ni mita 23. Chumba chako kina 4. Mchongoko wenye mabehewa manane, hata tukikadiria mita 20 tu kwa kila behewa, unakaribia mita 2 juu ya meza, nusu ya ukuta wako mrefu. Kwa hiyo hutajenga kila kitu, na wala hupaswi. Jenga jukwaa moja au mawili kwa urefu wake wa haki, na mbele ya jengo uache nafasi ya watu kushuka bodaboda. Daraja lianze tu kuonekana pembeni, likatwe na ukuta, reli ipite kwenye tundu la ukuta wa plaiwudi na kuzungukia nyuma mahali treni zinaposubiri zamu bila kuonekana. Jukwaa refu lenye nafasi ya kutembea linashinda mji mzima uliobanwa.

Kupima ndiyo kazi ninayoipenda, basi nivumilie. Anza kwa mkuu wa stesheni: jitambulishe, eleza unachofanya, omba ruhusa ya kupiga picha. Usiingie relini hata kwa hatua moja. Ile ya SGR ina umeme wa volti 25,000 juu yake, na ile ya zamani ina treni ambazo hazitakungoja. Ukishapata ruhusa, pima vile unavyoweza kuvigusa: upana wa mlango, urefu wa benchi, umbali kati ya nguzo moja na nyingine. Kwa vile usivyofikia, msimamishe rafiki yako mwenye urefu unaoujua kando ya ukuta, upige picha ukiwa mbali na umeikabili sawasawa, kisha uhesabu kwenye picha rafiki anaingia mara ngapi mpaka kwenye paa. Picha za setilaiti zitakupa urefu wa paa na majukwaa. Tukiwa ofisini hatukuamini kipimo kilichopatikana kwa njia moja. Nawe kila urefu mkubwa uupate kwa njia mbili, zikipishana urudi ukapime tena.

Nenda asubuhi na urudi jioni. Mwanga wa Dar saa tatu asubuhi na mwanga wa saa kumi na moja jioni haufanyi ukuta ule ule kuwa rangi ile ile, na rangi utakayoinunua dukani kwa jina la "krimu" siyo ya jengo lolote lililokaa miaka karibu na bahari. Changanya mwenyewe, jaribu kwenye kipande cha kadibodi, kitoe nje juani.

Vifaa. Video zile zimetengenezwa nchi za baridi. Wewe uko Dar es Salaam, kwenye unyevu, mende na mchwa. Plaiwudi ipake vanishi pande zote mbili na kwenye kingo, la sivyo itavimba na reli yako itapata mawimbi. Kadibodi vilevile. Gundi ya unga wa ngano usiilete kabisa humo ndani. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, mchwa wasipande. Mabati ya paa unayapata kwenye kopo la soda: kata kwa mkasi, lisugue kwa msasa, kisha likandamize kati ya vipande viwili vya kitana chenye meno membamba.

Kokoto ya reli yenye ukubwa wa sentimita 5 inakuwa kama nusu milimita, na hiyo inapita kwenye chujio la chai. Watu wengi wa pwani hukimbilia mchanga wa ufukweni. Una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na baada ya muda reli inashika kutu au kutu ya kijani na treni inaanza kusitasita. Chukua mchanga wa mtoni, uoshe, uanike. Na uangalie mataruma, yale yanayolala chini ya reli na kuibeba: SGR ina ya zege, meupe na yanayoonekana mpaka mwisho. Reli ya zamani ina mengi ya chuma, yenye rangi ya kutu, na ncha zake zimekunjwa kwenda chini zikazama ndani ya kokoto, hivyo usizioneshe.

Umeme: treni za kawaida za 1:87 zinatumia volti 12 zinazopita kwenye reli zenyewe. Kwa sababu ya kukatika kwa umeme utashawishika kutumia betri ya pikipiki. Sawa, lakini lazima uweke fyuzi, maana kichwa kikianguka na kuziunganisha reli mbili, betri ile itayeyusha nyaya kabla hujainuka kitini. Nyaya za juu za SGR ziwe pambo tu, uzi mwembamba wa shaba usio na umeme.

Mwisho kwako, watu. Katika 1:87 mtu mzima ni kama sentimita 2 tu. Wale wa kununuliwa wamevaa makoti na kofia za Ulaya. Wapake kanga, kanzu, sare za shule, uwape mabegi ya Kichina yenye mistari, wachache wakae chini ukutani wamelalia mizigo. Usiwapange sawasawa. Abiria hukusanyika pale behewa lao litakaposimama, na penye kivuli.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nimestaafu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, niko Mbeya. Nataka kumtengenezea mjukuu stesheni yetu ya Dar es Salaam, ile iliyopo kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela. Je, hizo reli za milimita 12 zinanifaa, au kuna nyingine za TAZARA? – Mzee wa Reli, Mbeya.

JIBU: Marahaba ndugu yangu, ingawa huenda ni mimi niliyepaswa kukuamkia. Zinakufaa kuliko zinavyotufaa sisi wa Reli ya Kati. Upana wa TAZARA ni milimita 1,067. Gawanya kwa 87, ni 12.3. Wewe unakosea kidogo kuliko mimi. Na kama macho hayapendi vitu vidogo, iko skeli ya 1:64 inayotumiwa sana na watu wa Afrika Kusini na New Zealand, ambao reli zao ni za upana kama wa kwenu. Humo reli ya kawaida ya 16.5 inakuwa TAZARA karibu kamili, na kichwa cha treni mjukuu anaweza kukikamata vizuri mkononi.

Barabara ya juu ya Mfugale, hapo kwenye makutano yenu, ilifunguliwa 2018. Ukiiweka, stesheni yako ni ya sasa. Ukiiacha, uko huru kurudi mpaka mwanzoni, reli ilipokuwa mpya baada ya ule ujenzi wa 1970 hadi 1975. Nakusihi uchague miaka uliyokuwa kazini. Mjukuu atauliza kila kitu, na babu atakuwa na jibu la kila nguzo. Mkipata nafasi ya meza ya pili, ifanyeni Kidatu, mahali reli yenu na yetu zilipokutana na mizigo ikalazimika kuhamishwa kutoka behewa la upana huu kwenda la upana ule.

SWALI: Habari yako mama. Niko Nairobi, na ninataka kutengeneza Garratt, kile kichwa kirefu cha mvuke cha East African Railways, kikiwa kimesimama stesheni ya Nairobi. Nyumba yangu ni ndogo. Litazunguka kona kali jitu refu hivyo? – Msomaji, Nairobi.

JIBU: Nzuri mwanangu. Litazunguka. Zile za aina ya 59 (Class 59) zilikuwa 34, zikajengwa na Beyer, Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima. Zilipita mita 31 kwa urefu, kwa hiyo katika 1:87 ni kama sentimita 36. Lakini bwela, yaani tangi la kuchemshia maji, limebebwa katikati ya magari mawili ya magurudumu, mbele na nyuma, na kila moja linageuka peke yake. Ndivyo uzito wa tani 252 ulivyopita kwenye kona za reli ya mita moja, na ndivyo utakavyotengeneza wewe: pini mbili za kuzungukia, moja kila upande, bwela lisishikizwe kwa gundi popote.

Una bahati ambayo wenzako hawana. Nambari 5918, Mount Gelai, ipo katika Makumbusho ya Reli hapo Nairobi. Nenda na futi kamba, upime magurudumu na umbali kati yake kabla ya kukata hata kipande kimoja cha kadibodi.