Biskuti za Mwaka 1796, na Kitabu Chenye Picha Iliyofichwa

SWALI: Shikamoo mwandishi wa safu. Nimekuta mtandaoni picha za kurasa za kitabu cha mapishi, American Cookery cha Amelia Simmons, kilichochapwa Hartford, Marekani, mwaka 1796. Nikajaribu biskuti zake za Krismasi, nikifuata maandishi ambayo kompyuta imeyatoa kwenye picha hizo. Humo mna kitu kinaitwa "fugar" na kingine "pearl ash". Cha kwanza nilikisia ni sukari. Cha pili nikaweka bekingi soda. Zimetoka ngumu kama kigae, na ladha ya sabuni juu yake. Nimekosea wapi? (Mpishi wa Jumapili)

JIBU: Marahaba. Kwenye sukari umepatia. Wachapaji wa enzi hizo walikuwa na "s" ndefu, iliyotumika mwanzoni na katikati ya neno, na kwa macho ya haraka inafanana na "f". Kompyuta nayo ina macho ya haraka. Ndiyo maana mimi hurudi kwenye picha ya ukurasa wenyewe kabla ya kuwasha jiko. Itazame vizuri: kile kikia cha katikati hakivuki upande wa kulia kama cha "f".

Pearl ash ni majivu ya kuni. Yalichujwa kwa maji, maji yakachemshwa mpaka yakauka, kilichobaki kikachomwa tena hadi kikawa cheupe. Ni kaboneti ya potasiamu, babu wa bekingi soda jikoni. Vyote viwili vinahitaji kitu kichachu ili vitoe hewa ya kuumua unga. Simmons anasema vijiko vitatu vya chai viyeyushwe kwenye kikombe cha maziwa, basi, hasemi maziwa ya namna gani. Nadhani wewe uliweka maziwa mabichi yasiyoganda. Soda ikikosa uchachu, joto la jiko huigeuza kuwa kaboneti ya sodiamu, na hiyo ndiyo sabuni uliyoionja.

Nilizipika mwenyewe, theluthi ya kipimo chake: unga gramu 450, siagi 150, sukari 225, giligilani iliyosagwa, soda kijiko kimoja cha chai. Nusu nilikandia maziwa ya kawaida, nusu mtindi. Za mtindi hazikuwa na sabuni hata chembe. Ila ugumu ulikuwa palepale kwa zote, na hapo hujakosea kitu. Soma mstari wa mwisho wa mapishi: anakiri kwamba mwanzoni ni ngumu na kavu, lakini zikiwekwa kwenye chungu, mahali penye unyevu kidogo, zitakuwa laini na tamu zaidi zikitimiza miezi sita. Miezi sita! Zangu nilizifunika kwenye chungu kwa nia njema kabisa. Wiki ya tatu nikafunua, nikakuta mbili. Kumbe ukizichovya kwenye chai moto hazihitaji kusubiri.

SWALI: Kuna video ya mtu anayepinda kurasa za kitabu chenye ukingo wa dhahabu, mara inatokea picha ya mto na daraja. Akikiacha, picha inapotea. Ni ujanja wa kompyuta? (Asiyeamini)

JIBU: Ni kweli tupu, na ni kazi ya mkono. Kurasa hutandazwa kidogo kama pepeo na kubanwa, kisha mchoraji huchora kwenye wembamba wa kila ukurasa kwa rangi isiyo na maji mengi. Kitabu kikifungwa, ukingo hupakwa dhahabu juu. Uingereza, karakana ya Edwards wa Halifax iliipa sanaa hii umaarufu katika karne ya 18. Maktaba ya umma ya Boston imeweka vitabu vyake vya aina hii mtandaoni. Mimi nilijaribu kwenye kamusi iliyochakaa. Nilizidisha maji, na kuanzia herufi M mpaka P hazifunguki tena.

SWALI: Nimesoma kwamba kitabu chenye harufu ya ukungu kiingizwe kwenye maikrowevu. (Mpenda Riwaya)

JIBU: Usithubutu. Gundi italainika, na pini za chuma zitatoa cheche. Kianike kwanza kivulini penye upepo mpaka kikauke, ukifute nje ya nyumba, halafu kifungie kwenye boksi pamoja na kisosi cha bekingi soda, visigusane. Mpishi wa Jumapili atakuwa nayo ya kukugawia.