Unaandika draiva? Omba memori kabla kazi haijaanza

Vijana wanaosoma kompyuta hapa Mbeya wakiniletea draiva zao za Linux, yaani programu za kuendesha vifaa, nizipitie, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mahali kmalloc, amri ya kuomba memori, ilipokaa. Mara nyingi naikuta hadi ndani ya kolbaki, yaani funksheni ambayo mfumo wenyewe huiita tukio linapotokea. Memori ambayo ukubwa wake unaujua mapema, iombe mapema, ndani ya probe, kifaa kinapotambuliwa. Ikikosekana hapo, draiva inakataa kuanza na mambo yameishia hapo.

Chukua mizani ya kupimia majani mabichi ya chai kule Tukuyu, ile ya kuchomeka kwa USB. Kila uzito ukifika, keneli, kiini cha Linux, inaita kolbaki yako, na humo ndani huruhusiwi kulala, yaani kusimama ukisubiri kitu. Ukiomba kwa alama ya GFP_KERNEL umeshasema uko tayari kusubiri, na memori ikibana keneli itakulaza kwanza itafute nafasi. Mezani kwako, ambako memori ni tele, huoni kitu. Mashine inakuja kuganda kituoni, wakulima wakiwa foleni na magunia. Unapojaribu, washa chaguo la keneli liitwalo CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP. Dmesg, orodha ya ujumbe wa keneli, italalamika hata kama nafasi ipo.

Wengi wakishaambiwa hivyo hukimbilia alama nyingine, GFP_ATOMIC, kila mahali. Ni kweli hailali, na inaruhusiwa kugusa akiba ya dharura, ila akiba hiyo ni kama mahindi ya mbegu: haikuwekwa kwa ajili ya ugali wa kila siku. Tena bado inaweza kukurudishia NULL, yaani umekosa memori. Kama baiti 64 zinatosha ujumbe mmoja wa mizani, zitenge mara moja na uzitumie tena na tena.

Bafa hiyo, yaani hizo baiti za kupokelea ujumbe, usiiweke kwenye staki, memori ya muda ya funksheni. Mifano ya zamani inafanya hivyo, na ilikuwa ikipona kwa bahati. Tangu Linux 4.9 ya mwaka 2016, staki ya keneli kwenye x86 ya biti 64 inaweza kutengwa kwa vmalloc, ambayo vipande vyake huenda havijapangana kwenye memori halisi, na memori ya namna hiyo haifai kukabidhiwa DMA, njia ya kuhamisha data bila kupitia prosesa. Kwa USB, kmalloc inatosha. Bafa ambayo kifaa na prosesa vinaitumia pamoja muda wote, iombe kwa dma_alloc_coherent. Vmalloc yenyewe iachie majedwali makubwa yanayosomwa na prosesa tu.

Kuhusu kuachilia memori, napenda kuiomba kwa devm_kzalloc, inayoifunga kwenye kifaa: probe ikifeli katikati, keneli inasafisha yenyewe. Lakini kwa kifaa cha kuchomoka, kuwa macho. Karani akichomoa waya huku programu yake bado imefungua faili ndani ya /dev, memori ya devm inaondoka na kifaa, na faili linabaki limeshika pointa (anwani) ya memori ambayo si yako tena. Data inayoguswa kupitia faili hilo itenge kwa kzalloc ya kawaida, uihesabie watumiaji kwa kref, kihesabu cha keneli, na wa mwisho kutoka ndiye aiachilie. Kisha washa KASAN, chombo cha keneli cha kunasa matumizi mabaya ya memori, fungua faili, chomoa waya, ujaribu kusoma.