Kadi ya mkopo yenye zawadi, bila ada ya mwaka: kwangu mbili zimetosha

Mkuu, umeuliza uchukue kadi gani ya mkopo yenye zawadi, isiyo na ada ya mwaka, wewe ambaye unalipia mambo ya kila siku na kusafiri nje mara moja moja. Wengi watakutajia jina la kadi. Mimi nitakuonyesha nilivyopiga hesabu zangu, maana ofa za benki zinaweza kubadilika kabla hujamaliza kujaza fomu.

Ninazo kadi za namna hii kwa miaka kama tisa. Nilianza na moja, nikapanda hadi nne, sasa nimerudi mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya 2%: kila 100 unayotumia inakurudishia 2, ununue chochote. Ni kadi nzuri na bado ninayo. Shida yake ilikuwa chini kabisa kwenye jedwali la makato, mstari ambao sikuusoma: 3% kwa kila malipo ya fedha za kigeni. Nikasafiri nayo wiki mbili, nachanja huku na kule, nawaza zawadi tu. Taarifa ya mwezi ilipokuja ndipo nikaona kwamba kwa kila 100 niliyotumia kule nilipewa 2 nikakatwa 3. Yaani nilikuwa nalipa ili nipewe zawadi.

Niliporudi nikaanza kutafuta kadi isiyo na makato hayo. Nikaipata, lakini inatoa 1.5% tu. Sasa ipi bora? Hapa watu hubishana sana bila sababu, kwa sababu jibu ni hesabu ya darasa la sita. Nyumbani, kadi ya 2% inaizidi ile ya 1.5% kwa nusu asilimia. Nje ya nchi, ya 2% inakuacha na hasara ya 1%, ya 1.5% inakupa 1.5 yako kamili, tofauti ya 2.5. Ukizilinganisha, zinakuwa sawa pale ambapo sehemu moja kati ya sita ya matumizi yako yote ni ya fedha za kigeni. Ikizidi hapo, ya 1.5% inashinda. Isipofika, ya 2% inashinda. Na usihesabu safari peke yake. Programu unazolipia kila mwezi kwa fedha za kigeni, au chochote unachoagiza kwenye tovuti ya nje, vinaweza kukatwa vilevile ukiwa umekaa sebuleni kwako.

Mimi bahili, nilikaa na hesabu hiyo siku mbili nikichagua moja. Kumbe hakuna cha kuchagua. Zote mbili hazina ada ya mwaka, kwa hiyo kuzimiliki zote hakunigharimu kitu. Ya 2% inabaki nyumbani, ya 1.5% inapanda ndege. Nadhani huu ndio utamu wa kadi zisizo na ada, na ndiyo maana sipendi swali la "kadi moja bora kuliko zote".

Ukishakuwa na kadi isiyo na makato ya nje, bado kuna mtego mmoja, na mimi nilinaswa nao. Nilikuwa mapokezi ya hoteli, usiku, nimechoka na safari. Mashine ikaonyesha kiasi mara mbili: juu kwa fedha ya nchi ile, chini kwa fedha ya nyumbani. Mpokezi kwa ukarimu kabisa akaniambia, "Bonyeza ya chini, ndiyo hela yako unayoijua." Nikabonyeza. Nilipolinganisha kesho yake na kiwango cha siku hiyo, nilikuwa nimelipa karibu 6% zaidi. Ukichagua fedha ya kwenu, kiwango cha kubadilisha kinapangwa na upande wa mwenye mashine, na faida wanaiweka humo humo. Ukichagua fedha ya nchi uliyopo, kiwango ni cha mtandao wa kadi yako, Visa au Mastercard, ambacho kwa kawaida kiko karibu sana na cha soko. Na ukiwa na kadi yenye makato ya fedha za kigeni, usidhani kulipa kwa fedha ya nyumbani kunakuokoa. Baadhi ya benki hukata tu, mradi muuzaji yuko nje. Siku hizi mpokezi akininyooshea mashine naisoma mwenyewe, foleni isubiri.

Sasa hizi kadi zinazotangaza 3% au 5% kwa migahawa, mafuta, au maduka ya vyakula. Nilikuwa nazo mbili. Kitu ambacho matangazo hayasemi kwa sauti ni kwamba benki haioni ulichonunua. Inaona namba ya tarakimu nne ambayo biashara imesajiliwa nayo: 5411 ni maduka ya vyakula, 5812 migahawa, 5814 vyakula vya haraka, na kadhalika. Mimi nilikuwa nanunua vyakula vya mwezi kwenye duka kubwa la jumla, nikitegemea 3%. Miezi minne inanijia 1%. Kupiga simu, naambiwa duka limesajiliwa 5300, yaani duka la jumla, na kadi yangu haihesabu hilo kama duka la vyakula. Hakuna aliyenidanganya, masharti yalikuwepo. Kwa hiyo kabla hujachukua kadi ya aina hiyo, fungua taarifa zako za miezi mitatu uone hela yako inaenda biashara za namna gani hasa. Halafu soma ukomo: nyingi zinatoa asilimia kubwa hadi kiasi fulani, baada ya hapo ni 1% kama wengine. Zile zinazobadilisha kundi la biashara lenye asilimia kubwa kila miezi mitatu na kukutaka ubonyeze kitufe cha kuliwasha, nilisahau kubonyeza mara mbili mfululizo nikaziacha.

Pointi nazo. "Pointi 3 kwa kila 1" si 3% mpaka ujue pointi moja ina thamani gani ukiitoa. Kadi ileile inaweza kukupa thamani kamili ukichukua pesa, na nusu yake ukichukua bidhaa kwenye orodha yao. Niliwahi kubadilisha pointi za mwaka mzima kwa vipokea sauti vya masikioni. Baadaye nikakuta dukani vinauzwa kwa theluthi mbili ya pesa ambayo pointi zilezile zingenipa taslimu. Tangu hapo nachukua pesa, inapunguza deni la mwezi, basi.

Kuhusu riba nitasema kwa ufupi, maana ndiyo inayofuta yote hapo juu. Riba ikiwa 20% kwa mwaka, mwezi mmoja wa deni ni karibu 1.7%. Ukibeba deni mwezi mmoja tu, ile 2% karibu yote imekwisha, na kwa kawaida manunuzi mapya nayo yanaanza kuhesabiwa riba siku hiyohiyo kwa kuwa hukumaliza deni lote. Kama huna hakika ya kulipa lote kila mwezi, tafuta kadi yenye riba ndogo, achana na uzi huu. Na usitoe pesa taslimu kwa kadi ya mkopo ukiwa safarini. Kuna ada, riba huanza papo hapo, na pointi hazihesabiwi. Kwa ATM tumia kadi ya akaunti yako.

Watakaokuambia ulipe ada ya mwaka upate vyumba vya mapumziko vya uwanja wa ndege wana haki yao, kama wanapanda ndege kila mwezi. Wewe umesema mara moja moja.

Jambo la mwisho la kuangalia: kadi ya safari ikikaa droo miezi mingi, benki inaweza kuifunga kwa kutotumika. Yangu nimeiunganisha na bili moja ndogo ya kila mwezi, na deni lake linajilipa lenyewe kutoka akaunti, na mimi naisahau hadi siku ya kufunga begi.